Sikuzaa Redio

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mwizi, na nilimwambia hivyo usoni, mezani kwetu mtaani Songo, bakuli la sombe, majani ya muhogo, likiwa katikati yetu. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Uvira, na kwa kuwa shule yetu haina mtu wa kufundisha uraia, nafundisha na uraia pia. Kuhusu wizi sikukosa maneno. Yeye alikuwa akichukua filamu ambazo rafiki yake alizipakua Bujumbura kwa njia za panya na kuzivusha mpakani ndani ya diski, kisha anazitia sauti yake kwa Kiswahili na kuzitoa kwenye nyumba za video na kwenye vioski vya kupakia filamu kwenye simu. Mwenye filamu hakupata kitu, hata asante. Nilimwuliza angejisikiaje kama mtu angeingia humu ndani na kubeba meza tunayolia chakula.

"Yaya, meza akibeba, sisi tunabakia bila meza," alinijibu; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Minye filme nikichukua, mwenyewe anabakia nayo. Halafu ule muntu wa filme, Uvira anajua iko wapi?"

"Asiijue Uvira, ndiyo umwibie?"

"Basi umuandikie, umuambie akuje kunifunga. Nitamutafsiria."

Alikuwa hivyo. Ukimkaripia anakuchekesha, na ukishacheka umeshindwa. Mama yetu alikuwa nyuma ya nyumba akianika ndagala zake, yaani dagaa, za kupeleka sokoni, na kwa wakati huo alijua tu kwamba mwanawe anafanya kazi ya ordinatere, yaani kompyuta. Neno hilo lilimpa heshima mbele ya mashemasi wenzake, kwa hiyo hakuuliza zaidi, na sisi wawili tulimwacha aendelee kutouliza.

Kwa asiyetujua, nieleze. Kwetu filamu ya kigeni haikutazamwa mpaka mtu aitafsiri. Ile isiyo na mtafsiri tuliiita bubu, hata kama watu ndani yake wanapiga kelele mwanzo hadi mwisho. Mtafsiri anajifungia peke yake, madirisha ameyaziba kwa magodoro, mikro mbele yake, naye anasema kwa ajili ya wote: shujaa, adui, polisi, bibi harusi, mbwa. Halazimiki kusema yale yanayosemwa. Anawatilia watu wa mbali maneno ya mitaa yetu, na hapo ndipo benchi zinapovunjika kwa kicheko. Kisha, mahali ambapo kuna kutembea tu au kuendesha gari, anashusha sauti ya filamu na kusalimia watu. Anasalimia wavuvi wa ufuo fulani, waendesha pikipiki wa kituo cha sokoni, mwenye kioski, mchumba wake. Ilikuwa desturi, na mtu aliyesalimiwa ndani ya filamu alijulikana mtaa mzima.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anatafutwa kuliko wote. Wengine walikuwa wakikisia, wanaangalia picha na kubuni. Yeye Kifaransa alikisikia neno kwa neno, kuliko mimi, ingawa diploma ninayo mimi. Tulisoma kwa taa moja na kitabu kimoja, yeye akisoma kichwa chini kutoka upande wa pili wa meza, na bado alikuwa ananisahihisha. Aliposema kitu tofauti na filamu, si kwamba hakuelewa. Alikuwa amechagua.

Zilipokuja zile programu za kutazama filamu bure, na kwa halali, nilifurahi kuliko kawaida. Niliona nimepata jibu la ubishi wetu. Kuna matangazo yanayokatiza filamu, na hayo ndiyo yanayomlipa mwenye mali, kwa hiyo mtu wa Uvira anaweza kutazama bila kuwa mwizi, mradi ana mega za mtandao kwenye simu. Nilimwonyesha mdogo wangu kwa majivuno. Alitazama dakika chache, tangazo la bima ya magari likaingia, kisha la chakula cha mbwa, akainua uso.

"Iko nzuri. Picha iko safi. Lakini iko bubu."

"Ni Kifaransa, si bubu."

"Weye unaona kwa mama yetu, Kifaransa na bubu kuko tofauti gani?"

Nilimwambia ajifunze kushindwa. Akacheka, akaniomba nimwachie simu amalizie, na mega zangu zote zikaishia pale.

Hayo yote yalikuwa kabla ya siku ambayo mama alipita mbele ya nyumba ya video. Alikuwa anatoka sokoni na beseni kichwani, na pale mlangoni kulikuwa na spika iliyotolewa nje ili kuita wateja. Ndani ya spika mlevi alikuwa anamtukana mke wake, matusi mazito ya Kiswahili chetu, na vijana wanacheka. Mama alisimama. Sauti ya mtoto wako huikosei, hata akijifanya mlevi. Beseni lilibaki kichwani mpaka ile sehemu ikaisha, ndipo akaja nyumbani, akapika kama kawaida, akangoja.

Mdogo wangu aliingia wakati wa kula. Mama hakumruhusu kukaa. Nilikuwepo, nilikuwa nimeshika kijiko, na maneno yake nayakumbuka yote, kwa sababu hayakuwa mengi.

"Toka," alisema. "Minye nilizaa mutoto, sikuzaa redio. Nikishafunga hii mulango, usigonge."

Mdogo wangu alinitazama mimi, akatafuta neno la kutuchekesha, nikamwona analitafuta, halikuja. Akachukua koti lake kwenye msumari. Mama akafunga mlango, akarudi mezani, akaniambia nile chakula kabla hakijapoa. Nilikasirika, na nilimwogopa pia. Nilikula.

Akaenda kupanga chumba karibu na ziwa, upande ambao maji yalikuwa yameanza kupanda na watu wenye uwezo walikuwa wanahama. Magodoro yake akayapeleka huko, na kompyuta, na mikro. Mimi nilikuwa naenda kumsalimu nikitoka shuleni. Mama hakuniuliza nimetoka wapi, na mimi sikumwambia, ingawa viatu vyangu vilikuwa na mchanga. Ilienda hivyo miaka kadhaa. Wakikutana njiani, mama alikuwa anavuka barabara.

Kazi yake ilizidi kusikika, kisha ikaanza kuibwa. Siku moja nilimkuta amekasirika, jambo ambalo lilikuwa adimu kwake. Mtu wa kioski cha mji mwingine, huko kusini kwenye ufuo huu huu, alikuwa amechukua filamu alizozitafsiri, akakata salamu zote, na mahali pa salamu akaweka tangazo la kioski chake. Sauti ni ya mdogo wangu, kicheko ni cha mdogo wangu, ila akifika kwenye kusalimia watu wake anaingia mwingine na kelele ya kuuza vocha na betri.

"Sasa umekamata somo la uraia?" nilimwuliza.

"Yaya, wachana na minye," alisema. "Abebe filme, haiko yangu. Lakini salamu zilikuwa zangu."

Sikujua alikuwa anamsalimia nani. Sikuwa mtu wa kutazama filamu zake, nilikuwa na msimamo wangu.

Kisha zikaja mvua zile za mafuriko, mabomba yakakauka, na watu wa ufuoni wakarudi kuchota ziwani, pale pale ambapo vyoo vilikuwa vimefurika. Kwetu mtu haulizi ni ugonjwa gani unafuata baada ya hapo. Majirani walimbeba mdogo wangu juu ya pikipiki, mmoja amemshika kwa nyuma, mpaka kwenye kituo cha kutibia kipindupindu. Nilipigiwa simu nikiwa darasani. Nikampigia mama sokoni, nikamwambia tu mahali alipo. Alikata simu bila kusema atakuja.

Alikuja. Alinikuta mlangoni, tukaoshwa mikono na kunyunyiziwa dawa miguuni, akaingia akiwa ananuka ndagala, kitenge cha kazi kiunoni. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye kile kitanda chao chenye tundu la haja, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Alimwona mama. Midomo yake ikaanza kwenda. Mama akainama, akaweka sikio karibu kabisa, na mimi nikasogea upande wa pili, tukangoja, na hakuna kitu kilichotoka. Upepo tu. Mama akamwambia, "Sema tena." Akasema tena. Upepo.

Muuguzi alitueleza kwamba ugonjwa huu ukikausha maji ya mwili, unakausha na sauti. Alisema itarudi wakiwahi kumwongezea maji. Walikuwa wamemtundikia chupa mikono yote miwili. Hawakuwahi. Alikuwa anasema bado, kwa midomo, karibu na mwisho, na mtu ambaye mji mzima ulijua sauti yake alikufa bila mtu yeyote kumsikia.

Mama aliniuliza tukiwa bado uani pa kituo, "Alisema nini?"

"Sikusikia, mama."

"Weye uliyesoma?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini uso wake haukuwa wa mtu anayetukana, ulikuwa wa mtu anayeomba.

Hatukuruhusiwa kumwosha wala kumleta nyumbani. Watu wa kazi hiyo walimzika wenyewe, na sisi tulisimama mbali. Kilio tulikiweka Songo bila maiti. Walikuja mashemasi na wanakwaya, wakaimba, na nyuma yao wakaja vijana ambao hatukuwajua: wauza vocha, waendesha pikipiki, wavuvi wawili wenye miguu ya matope. Hawakujua kuimba nyimbo za kanisa. Mmoja wao, mwendesha pikipiki mwenye koti la manjano, alipiga magoti mbele ya mama.

"Mama, pole sana. Sisi tunakujua weye. Alikuwa anakusalimiaka mu kila filme."

Mama akamtazama. "Alinisalimiaka namna gani?"

"Filme inasimama kidogo, halafu anaongea. Anasema: namusalimia mama yangu pale Songo. Na ile filme ya daraja, mule alikusalimia murefu kabisa. Aliongea karibu alie."

"Alisema nini?"

Kijana akajaribu kukumbuka. Alijaribu kweli. Aliwauliza wenzake, na kila mmoja akaleta kipande: kwamba alisema mama anauza ndagala tamu, kwamba alisema atarudi, kwamba hakusema atarudi bali alisema amechoka. Wakaanza kubishana. Mama akawaacha wabishane, lakini hakuondoa macho kwenye midomo yao.

Kilio kilipoisha, alinijia chumbani nikiwa nasahihisha mitihani. Aliniambia nimtafutie ile filamu ya daraja. Huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kuketi mbele ya skrini, aliyekuwa akizima televizheni ya jirani kwa macho tu. Alisema kile alichoambiwa kitandani hakukisikia, na labda ndicho kile kile cha kwenye salamu. Nilijua hakuna sababu ya kuwa kile kile. Nilimwambia nitatafuta.

Nilianzia chumbani kwa mdogo wangu, kule ufuoni. Ziwa lilikuwa limeingia mpaka dirishani na kutoka, limeacha matope. Kompyuta ilikuwa bado juu ya meza, ukiigeuza inamwaga maji. Mama mmoja mwenye kioski cha kupakia simu karibu na soko, aliyekuwa akiuza kazi zake tangu mwanzo, aliifungua kwa bisibisi mbele yangu. Diski ilikuwa na kutu.

"Na weye hukuweka kopi?" nilimwuliza.

"Madamu, hizi siku nani anaweka?" alisema. "Bantu banatazama mu simu moja kwa moja, bure. Filme za zamani nilifuta zote, nipate nafasi ya nyimbo. Nikijua atakufa ningefuta?"

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimewahubiria wanafunzi wangu miaka mizima kuhusu njia ya halali, na ile njia ya halali ilikuwa imefika, na watu wameacha kujaza flashi. Hawakuacha kwa sababu ya somo langu, waliacha kwa sababu ni rahisi. Nilizunguka vioski vya Uvira vyote ninavyovijua. Walimkumbuka, waliniigizia sauti yake, mmoja alilia. Filamu hawakuwa nayo.

Kwenye programu ya bure niliipata. Mama wa kioski alinieleza hadithi yake, ya kijana anayeondoka kwao kwa kuvuka daraja la kamba na kwenda kupigana mjini, nikatafuta kwa Kifaransa mpaka nikaiona. Nilimwambia mama ukweli: filamu ni hiyo, lakini mwanao hayumo.

"Filme iko ile ile?"

"Ile ile. Ila sauti yake haimo. Yeye aliitia kwenye kopi zake."

"Weka."

Alivaa nguo za kanisani. Niliegemeza simu kwenye birika, juu ya meza ile ile ya sombe, na akakaa mbele yake, mikono mapajani. Watu walikuwa wanazungumza Kifaransa cha kupendeza. Mama hakuwa anatazama, alikuwa anasikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja. Kijana akafika mlangoni kwao kuaga, mama yake akatoka na kumwambia kwamba mlango atauacha wazi, hata usiku, mpaka arudi. Ni maneno machache, mazuri, nikayashika kwa sababu ya kazi yangu. Kijana akaanza kutembea kuelekea daraja. Na hapo filamu ikasimama.

Mama akainua mkono nisipumue. Alikuwa ameambiwa filamu inasimama kidogo halafu anaongea. Sauti ya mwanamume ikaingia, changamfu, ikaanza kueleza jambo kwa furaha. Ilikuwa bima ya magari.

"Ni yeye?" mama aliniuliza kwa sauti ndogo. "Ameigeuza sauti?"

"Ni tangazo, mama."

Akashusha mkono. Filamu ikaendelea, ikasimama tena, akainua mkono tena. Nilimweleza kila mara, na kila mara aliinua mkono, mpaka mwisho. Nililia nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nilikuwa nimemchukia kidogo tangu ile siku ya kijiko, na pale nyuma ya kiti chuki yote ikanitoka, nikabaki na huruma ambayo sikujua niiweke wapi.

Msaada ulitoka mlimani. Kule Mulenge na juu zaidi, mtandao haufiki, na watu wa huko walicho nacho ni kile walichobeba ndani ya kadi zao. Kulikuwa na mzee mfugaji aliyekuwa akiteremka na siagi siku ambazo njia inapitika, maana siku hizi watu wa juu na watu wa chini wanatazamana kwa wasiwasi na si kila wiki mtu anathubutu. Aliingia kioskini kuongeza nyimbo za kwaya kwenye kadi yake, na mama wa kioski akaona ndani yake filamu ambazo Uvira nzima imezifuta. Alinipigia simu, nikaja mbio na chaki mikononi.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kreti, fimbo katikati ya magoti.

"Ule mutafsiri iko ndugu yako?" aliniuliza. "Amekufa? Kweli?" Akavua kofia. "Huko juu hatukusikia. Huko sisi tunamusikilizaka bado. Ile ya daraja njo tunapenda zaidi. Kuko pale kwa mulango, mama anafukuza mutoto wake, tunacheka mupaka tunalia."

Alinipa kadi bila kuuliza, akasema atasubiri mpaka kesho kwa watu wa kanisa lao. Mama wa kioski alitaka tuisikilize pale pale. Nilikataa. Niliona sina haki ya kuisikia kabla yake.

Tuliketi mchana ule ule, simu kwenye birika. Sauti yake ilipoanza, mama alishika ukingo wa meza. Ilikuwa yeye, mzima, ana mafua kidogo, anawakaribisha watu, anawaambia walio nyuma wakae. Picha ilikuwa chafu, imejaa vidoa. Kijana wa filamu akajiandaa kuondoka. Akafika mlangoni kuaga. Mama wa filamu akatoka, yule yule wa Kifaransa, uso mpole, na mdogo wangu akamtilia sauti.

Ilikuwa sauti ya mama yetu. Si kwamba ilifanana. Aliichukua yote, na kile kikohozi kidogo anachokitoa kabla ya kusema jambo zito.

"Toka. Minye nilizaa mutoto, sikuzaa redio. Nikishafunga hii mulango, usigonge."

Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na kicheko, chake mwenyewe, alichojitilia kama watafsiri wanavyofanya ili kuwaanzisha watu. Kijana wa filamu akageuka, akaanza kutembea kuelekea daraja, na hapo ndipo penye kutembea tu. Mdogo wangu akashusha sauti ya filamu. Akavuta pumzi, tukaisikia. Akasema, "Sasa minye namusalimia mama yangu pale…" na likaingia tangazo la kioski cha kusini, vocha, betri, chaja za aina zote, tangazo refu sana, mpaka kijana alipokuwa amekwisha kuvuka.

Mama hakulia.

"Rudisha pale kwa mulango," alisema.

Nikarudisha. Akajisikia tena, tena akasikia kile kicheko.

"Na ule mama mwenyewe, mu Kifaransa, anasemaka nini pale?"

Ningeweza kudanganya. Lakini sote wawili tulikuwa tumeichoka ile nyumba ya kutosema.

"Anasema mlango atauacha wazi, mama. Mpaka mtoto arudi."

"Mudogo wako, Kifaransa alisikiaka muzuri?"

"Kuliko mimi."

"Basi alisikia ule mama alisema nini."

"Alisikia."

Mama aliomba niitoe kopi na kumrudishia mzee kadi yake pamoja na kifurushi cha ndagala. Nikafanya hivyo. Kwa hiyo mwalimu wa uraia sasa ana filamu ya wizi kwenye simu, kopi ya kopi iliyoibwa kwa mwizi, na bado nasema ni wizi, nikiulizwa darasani nitasema hivyo hivyo.

Baada ya majuma machache mama alitaka kusikia ile safi. Alitaka kusikia yule mama akisema juu ya mlango, hata kama ni Kifaransa. Nilifungua programu, nikatafuta, nikaipata picha ya daraja, nikaigusa. Paliandikwa kwamba filamu hii haipatikani tena katika nchi yako. Wenye nayo walikuwa wameitoa kwetu, ni haki yao, na hawakupaswa kuniuliza. Nilitafuta sehemu nyingine zote za halali nizijuazo. Haikuwepo. Nikamsomea mama yale maandishi.

"Katika nchi yetu," alirudia.

"Ndiyo."

"Basi weka ile yetu."

Ndiyo tunayotazama sasa, Jumapili tukitoka kanisani. Haangalii mapigano, anaendelea kuchambua ndagala. Ila kijana akikaribia kufika mlangoni kwao, mama anafuta mikono kwenye kitenge, anainuka, anakwenda kufungua mlango wetu wa mbele, anauegemeza jiwe, kisha anarudi kukaa na kujisikiliza akimfukuza. Haufungi mpaka filamu iishe. Pikipiki zinapita, vumbi la barabara linaingia mpaka kwenye sahani. Simwambii aufunge.